Rondele ya Shaba Chini ya Planshi ya Mado

Musonoi, siku ya kwanza ya kazi, mangaribi. Mwezi ya saba. Baridi, vumbi, na mupepo haijanyamaza tangu asubui.

Leo niko na kasirani. Niko nayo mu kifua, niko nayo mu mikono. Hata bukari, ugali yetu, nilipika leo ilitoka ngumu, batoto banaigonga na kidole na kuniangalia.

Lakini mi nilisoma mupaka mwaka ya ine ya primere, na kuandika yenye nilifundishwa ni kuandika barua, na barua inaanza na salamu. Basi nasalimia kwanza. Kasirani itangojea, haina fasi ya kwenda.

Jambo kwenu bote benye munasoma huu ukurasa wenye Mado alinifungulia mu telefoni. Jambo kwako Ya Béa, dada yangu, kule Lubudi, na bwana yako, na batoto bako bote, na ule mukamwana mwenye alizaa juzi. Maziwa ilitoka muzuri? Hapa kwetu, Koku Feza, mama ya bwana yangu, eko. Anaota jua ku mulango na blanketi mbili, na anauliza kama hii kipwa, hii miezi bila mvua, haina mwisho. Tata Mado eko, mugongo inamusumbua lakini anatembea. Kyungu na Kabange, mapacha bangu, beko, kamasi mu pua juu ya vumbi, banagombania kiti moja na kuko biti bine. Na Mado, binti yangu, mukubwa wao, eko.

Mado eko muzima. Naandika tena, juu hata mi mwenyewe nataka kuisoma: Mado eko muzima.

Sasa nasema.

Mado anafanya kazi ya jikoni ku fasi moja kandokando ya ziwa ya Nzilo, kwenye bazungu ba kampani na batu ba feza banakuja kupumuzika siku ya Mungu. Pale kuko muchezo banaita wing foil. Unasimama juu ya planshi. Mu mikono unashika bawa ya kitambaa, kubwa, ya kujaza na pompi. Haifungwe ku planshi, unaishika wewe mwenyewe, sawa unashika mwavuli mu mupepo ya mvua. Chini ya planshi kuko muguu ya alminyo, murefu kama kufika ku kiuno, na ku mwisho ya ule muguu kuko mabawa mbili sawa ya ndeke yenye inabebaka batu, kubwa mbele, ndogo nyuma. Ile yote ya chini njo foili. Ukikamata mbio, foili inanyanyua planshi, inatoka mu mayi, na mutu anapita juu ya ziwa bila kuigusa.

Siku ya kwanza kuona, nilifanya alama ya musalaba.

Mwenye alimufundisha Mado ni madame moja alikuwa anapima udongo ku kampani. Alirudi kwabo mwaka jana, akamuachia bitu byake byote: planshi kubwa na nene, foili yenye bawa ya mbele kubwa, kaski ya kichwa, jile ya kuelea, na mabawa ya mukono, moja ya mupepo mingi, ingine ya mupepo kidogo. Siku ya kuagana nilipeleka mihogo na karanga, nikasikia na masikio yangu vile alimwambia: "Mado, uko mwepesi, lakini ungali unajifunza. Planshi inapashwa kukubeba hata mupepo ikikufa. Usisikie haya ya planshi kubwa."

Usisikie haya. Alijua nini ule madame, mi sijue, lakini alijua mutoto wangu.

Juu kisha yeye kuenda, Tata Serge akaanza. Tata Serge njo anaongoza ile fasi. Mutu ya kuvaa miwani ya jua hata mu nyumba. Kila mara Mado anaingia mu mayi, yeye anapaza sauti mbele ya bageni: "Mado! Unapanda tena mulango ya nyumba? Nani alibakia anachunga bitu mu nyumba?" Na batu banacheka. Mado anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia baridi. Kuchekwa hawezi. Mwezi moja haikupita, akakubali planshi ya Tata Serge, kadogo, ya bachampioni, na planshi yake kubwa ikabaki pale "kwa kusaidia bageni".

Hakunambia. Mi nilimuona tu anarudi na nguo zenye kulowana kufika ku shingo, na zamani alikuwa anarudi na kulowana kufika ku magoti.

Ile ni kasirani ya kwanza. Kuko ya pili, na inalala mu kitanda yangu.

Bwana yangu alikuwa fundi wa atelier, fasi ya kutengeneza malori makubwa ya mugodi, mupaka pensioni. Mikono yake ni mizuri, sikatae. Lakini hapa kwetu mutu akiona kintu inacheza, anatia shaba. Koku Feza anavaa bangili ya shaba juu ya mifupa. Musalaba ku ukuta ni shaba. Mufuniko ya birika yetu, shaba. Tuko tunakanyaga shaba, tunapumua vumbi yake, na tunaamini shaba kupita daktari.

Mado alileta foili nyumbani juu mabulon, zile skrubu zinafunga bawa ku muguu, ilikuwa inalegea kila mara. Tata Mado akaiangalia, akacheka. "Hii? Hii ni kazi ya dakika." Akakata rondele, pete ndogo za kukalia chini ya bulon, mu kipande ya shaba, akazisugua mupaka zikangaa, akatia moja moja chini ya kila bulon, akakaza sawa anakaza moteri ya dizeli. Ku moteri, anasema, rondele ya shaba inalala muzuri, inafunga, haiachie. Na kweli haikuachia. Ilishika vizuri sana, Mado akawa hafungue tena foili. Madame alimwambia kila mara ukitoka mu mayi ufungue, upanguse, utie mafuta kidogo. Lakini kintu yenye baba yako amefunga, unafungua juu ya nini?

Basi shaba na alminyo bikabaki pamoja, na mayi katikati yabo, wiki na wiki.

Sasa jana.

Jana siku ya Mungu, kisha misa, nilipanda moto, pikipiki ya kulipa, kwenda ku ziwa. Nilibeba sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilitaka kumuona, ile tu. Mupepo ilikuwa kali, ya kusini, ile ya kipwa, na Tata Serge alikuwa amepanga banafunzi bake bashuke na mupepo. Kushuka na mupepo, maana yake hauzunguke kurudi fasi ulitoka. Unaacha mupepo ikusukume mu mugongo, unafuata migongo ya mayi, mawimbi, moja kisha ingine, mupaka mbali kule, na gari inakuja kukuchukua. Na mbali kule, ku Nzilo, ni upande wa baraji, ule ukuta wa kuzuia mayi. Kila mutu wa huku anajua. Mupepo ya kipwa inasukuma bitu byote ku baraji: majani, machupa, na batu.

Nikamuona anaenda.

Nitasema kweli juu huu ni ukurasa wangu. Nilifurahi. Alinyanyuka kutoka mu mayi, mutoto mwenye nilibeba mu mugongo, akapita sawa kisu mu mafuta, bila kelele, bawa yekundu mbele yake. Mama moja kando yangu akauliza, "Ni nani ule?" Nikajibu, "Ni wangu." Nilijibu na sauti ya kiburi, Mungu alinisikia.

Kisha akaanguka. Sikutikisika, bote banaanguka. Nikangojea asimame.

Hakusimama. Nikaona bawa yekundu imelala juu ya mayi, na kichwa kidogo kando yake, na anajaribu kupanda planshi, na ile planshi ya bachampioni inazama chini yake sawa sahani. Anapiga magoti, inazama. Anasimama, inazama. Na mupepo inasukuma.

Nikamukimbilia Tata Serge, juu mashua yake ya kuokoa batu sikuiona. "Kano ya moteri iko wapi?"

"Mama, utulie. Mado anajua."

"Nakuuliza kano."

"Kano iko na bageni. Banapiga bapicha ku upande wa mawe. Inarudi sasa hivi."

Kano ilikuwa inapiga bapicha.

Sijue tena nililia namna gani. Najua nilipoteza kiatu. Mwenye alimuokota mutoto wangu haikuwe kano ya Tata Serge. Ilikuwa pirogi, mutumbwi, ya bamama babili benye banavushaka makala ya kupikia. Balimuvuta na bawa yake na planshi yake, bakamukalisha juu ya magunia, na wakati balifika ku kando Mado alikuwa mweusi toka kichwa mupaka miguu, meno tu njo inaonekana, anatetemeka. Mama moja ya makala akanambia na anacheka, juu ya kunitulizisha: "Mama, huyu ndeke ni wako? Umufunge kamba, tulimukuta anatembea mu mayi."

Nilimukumbatia na makala yake yote. Robe yangu ya misa sasa ni ya jikoni.

Na foili? Tulipogeuza planshi tukaona. Muguu iko, bawa ndogo ya nyuma iko, bawa kubwa ya mbele haiko. Ilitoka yenyewe mu safari, na sasa iko chini ya Nzilo. Kwenye bulon zilikuwa, pale shaba iligusana na alminyo, alminyo imekuwa nyeupe, unga-unga, sawa muhogo yenye kuoza. Unagusa, inamwangika. Na rondele za bwana yangu zilikuwa pale bado, mbili, zimegandama mu ile unga, nzima, zinangaa.

Leo asubui nikatia ile muguu ya alminyo juu ya meza, mbele ya chai yake.

Aliangalia. Akasugua na kidole. Akavaa miwani yake ya kusoma. Akaangalia tena.

"Alminyo hii ni mubaya," akasema.

"Alminyo njo mubaya?"

"Mama Mado, maisha yangu yote ku atelier, rondele yangu haijaachia."

"Na haikuachia! Yenyewe njo ilibaki. Kila kintu kando yake njo ilikufa. Ku atelier moteri yako ilikuwa inaogelea na mutoto juu yake?"

Akasukuma ile muguu kando ya kikombe. Koku Feza, toka ku mulango, akasema, "Mwana wangu, kunywa chai." Ile njo yote. Mi nilikuwa natafuta vita na hakuna mutu alinipa, na vita yenye haukupewa inakaa mu tumbo inageuka kuwa mawe.

Basi nikaibeba ile vita kwa Tata Serge.

Nikafika. Akavua miwani. "Mama Mado, karibu, ukae, unywe kintu."

"Sikukuja kunywa. Nilikuja kuchukua mulango yangu."

"Mulango gani?"

"Mulango ya nyumba. Ile ya kuchekesha. Planshi ya Mado."

Akaanza kuzunguka. Mama, hii planshi bageni banaitumika. Mama, Mado alishaipita, inamurudisha nyuma. Mama, muchezo hii ina mambo yenye hauwezi kujua.

Nikamwambia, "Sawa. Bageni uwapatie ile yako kadogo."

"Aa, hapana. Batazama."

Alisema vile. Batazama. Na mi nikaacha lile neno likae katikati yetu. Mufanyakazi mwenye alikuwa anafagia akaacha kufagia.

"Kumbe bageni banazama," nikasema. "Mado wangu hazame? Yeye ni kizibo?"

Nikaingia mwenyewe mu depo, nikaivuta.

Kurudi ilikuwa shida ingine. Kijana wa moto akaangalia ile planshi, akaangalia mupepo, akasema, "Mama, na hii tutaruka kabla ya Musonoi." Tuliifunga ku mubavu na bitenge byangu bibili. Njia yote batu balikuwa banapiga firimbi. Fasi ya kugeuka, mupepo iliikamata, moto ikaenda kandokando sawa kaa, na mi nikamutukana Tata Serge mu masikio ya ule kijana mwenye hakumutenda mutu kintu. Anisamehe.

Nilifikiri Mado atafurahi.

Mado alilia. Siyo ya furaha. Ananambia Tata Serge alishamupigia: siku ya Mungu yenye inakuja bageni ba Lubumbashi banakuja kuangalia banafunzi bashuke na mupepo kufika mwisho, na mwenye atafanya vizuri atakuwa mufundishaji. Kutoka mu jikoni, kufundisha. Na juu foili yake haina tena bawa ya mbele, Tata Serge atamupa ya kwake, ya mbio, nyembamba. Akasema, "Umeharibu sasa, mama, umeharibu na kelele yako."

Nikamwambia, "Nielezee ile nyembamba."

Njo tukakaa mu jikoni, yeye anapanguza machozi, mi nashika lungo ya kupepeta. Aliikamata, akaipitisha mu hewa imelala, mbele yangu, nikasikia vile hewa inaibeba. Kisha akakamata mwiko, akaipitisha vilevile. Mwiko haibebwe na kintu. Bawa kubwa ya foili, anasema, inanyanyua hata ukienda polepole. Nyembamba inataka mbio, na ukiwa na mbio ni tamu sana, lakini mbio ikipotea inakuangusha, na kuanza tena juu ya planshi kadogo ni mateso.

"Na mupepo ikikufa katikati ya ziwa?"

Akarudisha mwiko mu sufuria.

Akaanza kusema na makosa yake mwenyewe, mi sikuuliza. Anasema jana alikuwa anaangalia miguu, na unapashwa kuangalia mbali, mugongo ya mayi yenye inakuja kisha hii. Alikuwa anavuta bawa ya mukono kila wakati juu ya woga, na ukishakamata mugongo ya mayi unapashwa kuiacha bawa ilegee, mayi njo inakubeba. Alikuwa anashuka wima, pua ya planshi inachoma mayi, na unapashwa kupita kimushazari, na magoti ya kukunja, uzito ku muguu ya mbele. Akasimama katikati ya jikoni kunionyesha, anakunja magoti, anasukuma chini, ananyanyuka, anasukuma, vile unafanya kuamusha foili mupepo ikiwa kidogo. Kyungu na Kabange bakajipanga nyuma yake, bote batatu banaruka-ruka kati ya sufuria. Koku akauliza, "Wanacheza ngoma ya wapi hii?"

Nilicheka. Sikutaka, nilicheka.

Na njo ile inanikasirisha kupita byote. Ile kintu iko muzuri. Mutoto anaijua, anaipenda, mikono yake inaongea akiielezea, na ku masomo hakuongeaka vile hata siku moja. Kama ingekuwa upuzi, ningekata neno na kulala. Nimukatalie nini sasa? Namukatalia kuruka? Ao namukatalia tu batu benye banamurusha bila kano?

Nimefikiri tangu saa ya chakula. Nimemwambia hivi, mbele ya baba yake.

Planshi kubwa, siyo ingine. Bawa ya mbele kubwa, kama itapatikana. Kama haipatikane mbele ya siku ya Mungu, haushuke, hata gavana akuje kuangalia. Kano ya moteri nyuma yenu tangu mwanzo mupaka mwisho, bila bapicha. Na mu ile kano nitakaa mi.

"Wewe?" Mado akasema. "Mama, unaogopa mayi ya beseni."

Naogopa. Nitakaa.

Alitoka, akafunga mulango na nguvu. Sasa eko mu chumba, haongee na mi. Tata Mado eko mu lupango, inje ya nyumba, anazunguka, anaokota bipande bya chuma na anabitupa. Nimemukataza kugusa foili mupaka mutu mwenye anajua anijibu.

Ataichukia sura yangu wiki muzima, najua. Akose ile kazi ya kufundisha, atanichukia murefu zaidi. Anichukie. Anichukie akiwa hapa, anakula bukari yangu ngumu, anafunga mulango yangu na nguvu. Bamama ba makala hawapitake kila siku.

Ya Béa, na nyinyi bote benye mutasoma, kama kuko mwenye anajua, ama anajua mwenye anajua: mutoto wa kilo hamsini na mbili, planshi kubwa, kushuka na mupepo ku ziwa, bawa ya mbele inapashwa kuwa na ukubwa gani? Tundu za bulon zenye zimekuliwa mu alminyo, banachongaka tena nyuzi mupya za kukazia bulon ao muguu yote inatupwa? Na chini ya bulon batu banatia nini, kama siyo shaba? Andikeni hata sentensi moja, hata sauti ku telefoni, hata ya kunitukana. Lakini mbio, mbele ya siku ya Mungu, juu niliahidi mutoto kama nitatafuta, na mi na nyinyi tu njo tunatafuta.